Je, Wajua Kwa Nini Windows Haiorodheshi Kompyuta ya Linux Ambayo Folda Zake Zinafunguka?

Umeweka Samba, programu inayoiwezesha Linux kushirikiana folda na Windows, kisha ukashiriki folda. Kwenye Windows unafungua Network, unasubiri, kompyuta ile haitokei. Lakini ukiandika \\192.168.1.20 kwenye upau wa anwani, folda zote hizo hapo.

Kuonekana na kufunguka ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina poti zake. Kufungua folda ni kazi ya itifaki ya SMB, poti 445 ya TCP. Kujitangaza kwamba "nipo" ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyohamia njia mpya.

Zamani kompyuta zilitangazana kwa NetBIOS, poti 137 na 138 za UDP. Kompyuta moja kati yao ilichaguliwa kuwa mtunza orodha, nyingine zikijitangaza kwake kila baada ya dakika chache, hadi 12. Mashine iliyozimwa ghafla iliweza kubaki kwenye orodha zaidi ya nusu saa, kwa hiyo hata enzi hizo orodha haikuwa ya kuaminika sana. Isitoshe, Windows iliisoma orodha hiyo kwa SMB1, toleo kongwe la SMB ambalo programu hasidi ya WannaCry iliutumia udhaifu wake Mei 2017. Windows 10 toleo 1709, la Oktoba mwaka huo, ikaacha kuiweka SMB1 kwenye usakinishaji mpya. Samba nayo iliizima kuanzia toleo 4.11 la mwaka 2019.

Siku hizi Windows hutafuta wenzake kwa WS-Discovery: huuliza kupitia poti 3702 ya UDP, kisha huchukua maelezo kupitia poti 5357 ya TCP. Samba yenyewe haijibu maswali hayo. Anayejibu kwa niaba yake ni programu ndogo iitwayo wsdd. Kwenye Ubuntu, ambako ufw ndiyo faiwoli:

sudo apt install wsdd
sudo ufw allow Samba
sudo ufw allow 3702/udp
sudo ufw allow 5357/tcp

Kisha angalia kwa systemctl status kama huduma inafanya kazi kweli. Katika matoleo ya karibuni huduma imetengwa kwenye kifurushi cha wsdd-server, na ukisakinisha wsdd peke yake hakuna kinachojitangaza, kwa hiyo huko sakinisha wsdd-server. Utaona watu wakishauri kuirudisha SMB1. Usiwasikilize, unarudisha tundu lililokwisha kuzibwa ili tu upate ikoni.

Upande wa Windows, mtandao uwe Private, si Public, na huduma ya Function Discovery Provider Host iwe inaendeshwa. Kumbuka pia kwamba matangazo haya hayavuki ruta. Wi-Fi ya wageni nayo mara nyingi huzuia vifaa kuonana. Hapo hata anwani ya IP haitafunguka.

Kama anwani ya IP nayo inagoma, achana na wsdd, tatizo liko kwingine. Anzia kwenye Linux yenyewe: testparm hukagua smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, na smbclient -L localhost -U jina huonyesha kama Samba inajibu. Ikijibu hapo lakini Windows haifiki, shuku faiwoli.

Windows ikifika ila nywila ikakataliwa, sababu ya kawaida ni kwamba Samba ina hifadhi yake ya nywila, tofauti na ile ya kuingilia Linux. Mtumiaji anaongezwa kwa sudo smbpasswd -a jina, na lazima awe tayari na akaunti ya Linux. Windows nayo haikubali majina mawili ya mtumiaji kwa seva moja kwa wakati mmoja: ukishaingia kwa jina lisilo sahihi, jipya hukataliwa kwa kosa namba 1219. Katisha miunganisho yote kwa net use * /delete, ikibidi toka kwenye akaunti ya Windows uingie tena.

Nywila ikikubaliwa na folda isifunguke, tazama ruhusa za Linux. Mtumiaji anahitaji ruhusa ya x, yaani ya kuingia, kwenye kila folda iliyo njiani kuanzia juu, na folda ya nyumbani ndiyo inayosahaulika zaidi. Kwenye Fedora, SELinux, mfumo wa ziada wa ulinzi, hudai folda iwe na lebo ya samba_share_t, hata kama ruhusa za kawaida ziko wazi.

Linux ikishindwa kuiona Windows, bonyeza Ctrl+L kwenye Files ya GNOME na uandike smb://192.168.1.15/ kisha uhifadhi alamisho. Ukiipangia mashine hiyo anwani isiyobadilika kwenye ruta, hutahitaji kuvinjari mtandao tena.