Kamishna wa manispaa: nani hasa anaendesha jiji la Surat?

Mtaro ukiziba mbele ya duka huko Surat, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, mwenye duka humpigia simu diwani wa kata yake. Diwani kachaguliwa kwa kura, anajulikana mtaani, simu anapokea. Lakini vibarua wa kuzibua mtaro si wake. Wako chini ya mhandisi wa kanda, na juu ya mhandisi yupo kamishna wa manispaa, mtu ambaye hakuna mkazi hata mmoja aliyempigia kura.

Kamishna huyo ni ofisa wa IAS, kada ya juu ya watumishi wa umma nchini India, anayeteuliwa na serikali ya jimbo kuwa mtendaji mkuu wa jiji. Maji, taka, barabara, vibali vya ujenzi, kodi ya majengo, vyote ni vyake. Meya yupo, huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, naye huongoza vikao na kupokea wageni, ila amri ya utendaji hana. Madiwani, ambao ni 120 kutoka kata 30, hupitisha bajeti. Msomaji wa Tanzania akimfikiria mkurugenzi wa jiji hatakuwa mbali.

Asichanganywe na kolekta. Huyo husimamia wilaya nzima, hasa mambo ya ardhi na maafa, na jina lake limebaki tangu enzi ambayo kazi kubwa ya Mwingereza ilikuwa kukusanya kodi ya ardhi. Polisi nao wana kamishna wao, mbali kabisa na huyu wa manispaa.

Mpango huu una mizizi mirefu. Surat, kwenye Mto Tapi, ilikuwa bandari kubwa ya dola la Mughal, lililotawala India kabla ya Waingereza, na mahujaji wengi walipandia meli hapo kwenda Makka. Shivaji, kiongozi wa Kimaratha aliyepigana na Mughal, aliipora mwaka 1664, akarudi tena 1670. Waingereza waliitwaa ngome yake 1759. Manispaa ilianzishwa 1852, ikapandishwa hadhi kuwa jiji 1966, chini ya sheria ya 1949 iliyofuata nyayo za ile ya Bombay (leo Mumbai) ya 1888: madiwani wajadili, ofisa wa serikali atende.

Uzito wa cheo hiki ulionekana baada ya tauni. Septemba 1994, baada ya mvua na mafuriko, huku taka zikiwa zimerundikana mitaani, ugonjwa ulizuka na watu kwa maelfu wakakimbilia treni na mabasi, wengi wao vibarua wa viwanda vya nguo na almasi. Zaidi ya watu 50 walifariki nchini.

Mwaka 1995 aliletwa kamishna S. R. Rao. Aliligawa jiji katika kanda sita, kila kanda ikapewa mkuu mwenye mamlaka ya kuamua na kutumia fedha bila kusubiri makao makuu. Asubuhi maofisa walitakiwa wawe mtaani, si ofisini. Barabara kuu zikaanza kufagiwa usiku, watupaji taka wakatozwa faini, na majengo yaliyovamia barabara yakabomolewa, hata ya wenye majina. Kwangu mimi, ile hatua ya kugawa mamlaka ndiyo iliyozaa nyingine zote: mkuu wa kanda hakuwa tena na mtu wa kumsukumia lawama.

Mwanasiasa anayetegemea kura za wenye majengo hayo asingeyabomoa kirahisi. Hiyo ndiyo nguvu ya kamishna, na ubaya wake umo humohumo. Serikali ya jimbo iliyomleta Rao ndiyo iliyomhamisha mwaka 1997, na wakazi waliotaka abaki hawakuwa na kura ya kumbakiza. Mpango wa kanda ulibaki, na Januari 2024 Surat ilitangazwa kuwa jiji safi kuliko yote India, sawa na jiji la Indore.