Hisia za Mama Katika Miezi ya Mwisho ya Mimba ya Kwanza

Mwanamke mwenye mimba ya kwanza anapoingia wiki ya 28, ambapo miezi mitatu ya mwisho huanza, huwa ameshapimwa mambo mengi. Shinikizo la damu limepimwa, uzito umeandikwa kwenye kadi, mkojo umechunguzwa, na mapigo ya moyo wa mtoto yamesikilizwa. Ambacho mara nyingi hakiulizwi ni hali yake mwenyewe: analala vipi, anawaza nini usiku, analia mara ngapi, na kuna nini au nani anayemtia hofu. Tunaandika makala hii kwa ajili yake na kwa wale wanaoishi naye, kwa kuwa mahangaiko mengi ya kipindi hiki ni ya kawaida na hubebeka vizuri zaidi yakijulikana mapema, ilhali mengine ni ugonjwa unaotibika ambao haufai kusubiri hadi mtoto azaliwe.

Katika siku moja mama anaweza kuamka na furaha tele, akazikunja upya nguo za mtoto alizozikunja jana, mchana akamkaripia mwenzi wake kwa jambo dogo, na jioni akalia asiweze kueleza kinachomliza. Anaweza kumpenda sana mtoto aliye tumboni na papo hapo akatamani mimba iishe, au akajiuliza kama hakuharakisha kuzaa, kama ataweza kulea, kama kazi yake na ndoa yake vitabaki kama zamani. Hisia hizi zinazopingana hazionyeshi kwamba hampendi mtoto wake. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wajawazito wengi huyaficha mawazo hayo wakiamini kwamba mama mwema hafurahii nusunusu, na kuficha huko huwachosha kuliko mawazo yenyewe.

Ni kawaida kusikia kila kitu kikisingiziwa homoni. Ni kweli kwamba estrojeni na projesteroni huwa juu sana kuelekea mwisho wa mimba, na kwamba kortisoli, ambayo mwili huitoa kwa wingi wakati wa msongo, huongezeka pia hata kwa mama asiye na tatizo lolote. Lakini kwa maoni yetu usingizi hupewa uzito mdogo kuliko unavyostahili. Mama aliyelala saa nne usiku huamka saa saba kwenda kukojoa. Akirudi kitandani mtoto anaanza kucheza, kiungulia kinapanda, nyonga inauma, anageuka kwa shida akitafuta ubavu usiouma, na hapo ndipo wazo la siku ya uchungu humjia na kukataa kuondoka. Saa tisa bado yuko macho. Usiku wa namna hii ukijirudia kwa majuma, hata mtu asiye mjamzito angekuwa mwepesi wa kulia.

Kwa hiyo kulala mchana inapowezekana, kupunguza vinywaji saa chache kabla ya kulala bila kujinyima maji mchana, na kuweka mto katikati ya magoti ni mambo ya kuzingatiwa. Kuanzia wiki ya 28 inashauriwa kulala kwa ubavu, wowote ule, kwani kulala chali kumehusishwa na ongezeko la hatari ya mtoto kufia tumboni. Anayeamka akajikuta yuko chali hana sababu ya kushtuka, ageuke tu na kuendelea kulala. Vilevile, kabla ya kuamua kwamba uchovu na huzuni vinatokana na mawazo, wingi wa damu upimwe. Katika miezi hii himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu, na upungufu huo humlegeza mtu mwili na kumwondolea ari.

Kisha ipo hofu ya kujifungua. Mama wa mara ya kwanza anaogopa maumivu, kuchanika, upasuaji, kufa, kufiwa na mtoto, na pia jambo ambalo halitajwi sana, yaani kupiga kelele na kukosa staha mbele ya watu asiowajua. Kwa baadhi ya wanawake hofu hiyo ni kali kiasi cha kuwanyima usingizi kila siku au kuwafanya waombe upasuaji usiohitajika kitabibu. Mwaka 2000 madaktari wa magonjwa ya akili nchini Uingereza waliieleza hofu ya aina hiyo kuwa tatizo mahususi la kiafya linalostahili kutambuliwa. Simulizi za kutisha za jamaa na majirani huizidisha, hata zikitolewa kwa nia njema, na mjamzito ana haki ya kumwambia msimulizi aishie hapo.

Kinachoipunguza ni taarifa sahihi na mtu wa kuwa naye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaeleza kwamba uchungu wenyewe huhesabiwa kuanza pale mlango wa uzazi unapofunguka sentimita 5, na kwamba kuanzia hapo hadi mlango kufunguka kabisa, kwa mzazi wa kwanza, kwa kawaida hakuzidi saa 12. Saa za mwanzo kabla ya hapo hazina muda maalumu, na anayelijua hilo hakati tamaa anapoambiwa kwamba bado. Kuhusu mtu wa kuwa naye, mapitio ya tafiti 26 yaliyochapishwa mwaka 2017, yakihusisha wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba waliokuwa na mtu wa kuwatia moyo muda wote wa uchungu walielekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida na kuridhika na uzazi wao. Mjamzito aulize mapema kliniki kama ataruhusiwa kuingia na mwandani, ni njia gani za kupunguza maumivu zilizopo, na kama anaweza kukiona chumba cha kujifungulia kabla ya siku yenyewe.

Tarehe ya matarajio nayo huleta mashaka yasiyo ya lazima. Hupatikana kwa kuhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ni takriban mtoto 1 kati ya 20 anayezaliwa siku hiyo hasa. Ikipita, simu za ndugu za kuuliza "bado tu?" humfanya mama ajione ameshindwa jambo fulani. Anayempigia amuulize amelala vipi.

Mwenzi wake, mama yake na mama mkwe wanaweza kusaidia sana kwa kumsikiliza mpaka mwisho kabla ya kumshauri. Hata hivyo, nyumbani si mahali salama kwa kila mwanamke: ukatili wa mwenzi unaweza kuanza au kuzidi wakati wa ujauzito, na ndiyo maana mhudumu wa afya anapaswa kupata nafasi ya kuzungumza na mama peke yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya wajawazito duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea kiwango hufikia asilimia 15.6. Tofauti kati ya sonona na mabadiliko ya kawaida ni muda na uzito. Machozi ya jioni moja hupita; lakini huzuni inayodumu karibu siku nzima kwa wiki mbili au zaidi, kutofurahia chochote, wasiwasi usiotulia, au kujiona hufai, vinahitaji mtaalamu. Kliniki nyingi hutumia dodoso la Edinburgh la mwaka 1987 la kuchunguza dalili za sonona, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Matibabu huanza na mazungumzo ya ushauri, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kuzitoa wakati wa mimba. Anayezitumia tayari asiziache ghafla bila kumwona daktari. Sonona isiyotibiwa wakati wa ujauzito mara nyingi huendelea baada ya kujifungua. Mwenye mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Yapo pia mambo yasiyopaswa kamwe kuitwa wasiwasi tu. Maumivu makali ya kichwa, kuona maluweluwe, kuvimba uso ghafla, maumivu ya juu ya tumbo, kutokwa damu, au mtoto kupunguza kucheza ni sababu ya kwenda kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku na hata kama jana ulikwenda ukaambiwa ni salama.

Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inapendekeza mahudhurio ya wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40, na kila moja ni nafasi ya kueleza hali ya hisia. Anayeona haya kusema aandike mistari miwili mitatu nyumbani, aiweke ndani ya kadi ya kliniki, na amkabidhi mkunga kabla vipimo havijaanza.