Je, Wajua Kwa Nini Stroberi Hutambaa Bila Kuzaa?

Majani yamenawiri, nyuzi ndefu zinatambaa mpaka nje ya tuta, lakini matunda hakuna. Wengi hapo hudhani udongo umechoka, wakaongeza yurea, mbolea yenye nitrojeni nyingi. Kumbe ndiyo wanazidisha tatizo.

Stroberi huzaliana kwa njia mbili: kwa mbegu zilizo kwenye tunda, na kwa hizo nyuzi. Kwenye fundo la uzi huchipuka mche mchanga, ukigusa udongo unatia mizizi. Mmea utoe maua au nyuzi, hilo huamuliwa zaidi na joto na urefu wa mchana. Aina nyingi, Chandler ikiwemo, hutunga maua mchana ukiwa mfupi na hewa ikiwa ya ubaridi. Joto likizidi, hutambaa. Kwetu karibu na ikweta mchana ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kikwazo kikubwa ni joto. Ndiyo maana stroberi hustawi kwenye ubaridi wa milimani, kama Limuru na Lushoto, ilhali Mombasa huhangaika. Ukiwa pwani, ipande kwenye ndoo yenye matundu chini, uiweke panapopata jua la asubuhi na kivuli cha adhuhuri.

Nitrojeni nyingi nayo husukuma majani na nyuzi badala ya maua. Samadi iliyooza vizuri inatosha. Kata nyuzi karibu na shina, ila bakiza chache za kupata miche mipya, maana mmea mama huanza kuchoka baada ya miaka 2 au 3.

Unapopanda, angalia pale katikati yanapochipukia majani machanga. Pakifukiwa huoza, pakiinuliwa mno, mizizi hukauka. Pawe sawasawa na uso wa udongo. Tandaza nyasi kavu ili tunda lisilalie tope, na mwagilia chini, si juu ya majani, kwa sababu unyevu huleta ukungu wa kijivu.

Na kama matunda yanatoka lakini yamejikunja upande mmoja? Tazama vile vidoadoa vya juu. Kila kimoja ni tunda dogo lenye mbegu ndani. Nyama nyekundu ni kitako cha ua kilichovimba. Kidoa kisichopata chavua hakikui, na nyama inayokizunguka haivimbi. Nyuki husaidia sana kusambaza chavua hiyo, hivyo usipulizie dawa ya wadudu maua yakiwa yamefunguka.