Neno “mwanangu” katika faili la mkimbizi

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu aliyesoma, kwamba familia za wakimbizi Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, magharibi mwa Tanzania, zinazokwama katika mpango wa kuhamia nchi ya tatu, kama Marekani, hukwama kwa sababu zimedanganya kuhusu watoto. Nimekuwa mkalimani katika mahojiano hayo kwa miaka mingi, na dai hilo limenichosha.

Kwanza, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hupendekeza tu nani ahamishwe. Nchi inayopokea ndiyo huamua. Nchini Marekani, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, Rais huweka ukomo wa kila mwaka baada ya kushauriana na Bunge. Ukomo huo ulikuwa watu 125,000 kwa mwaka wa fedha 2024, kisha Januari 2025 mpango mzima ukasimamishwa. Faili huweza kulala bila kosa lolote la mwenyewe.

Sasa tuje kwa watoto. Mwanamume aliyefiwa na kaka yake katika vita vya Kivu huwachukua watoto wa marehemu na kuwalea pamoja na wake, kwa kuwa baba mdogo ni baba, na hakuna mtu wa heshima atakayemtambulisha yatima huyo kwa wageni kama “mtoto wa kaka”. Siku ya kuandikishwa kambini alisema ana watoto saba, na karani akaandika saba. Miaka kadhaa baadaye ofisa wa Marekani anamuuliza kama huyu wa nne alimzaa yeye, naye anajibu kwa uaminifu kwamba ni wa marehemu kaka yake. Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini kwenye karatasi yanapingana, na faili linawekwa kando hadi tathmini ya maslahi ya mtoto ifanyike. Wakati huohuo uchunguzi wa afya na ukaguzi wa usalama, ambao kila mmoja una muda wake wa kuisha, vinaanza kupitwa na wakati kimoja baada ya kingine.

Sikatai kwamba wapo walioingiza watoto wa watu kwa fedha. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia baada ya vipimo vya vinasaba vilivyoanzia Nairobi, na ulipofufuliwa mwaka 2012 vipimo hivyo vikawa sharti. Hata hivyo, kipimo humwonyesha yatima aliyelelewa tangu akinyonya na mtoto aliyeuziwa nafasi juzi kwa jibu lilelile: si wake.

Linalonisumbua zaidi linanihusu mimi. Kanuni ya ukalimani inakataza kuongeza neno, kwa hiyo kila mzee aliposema “mwanangu” nililitafsiri kwa neno la Kiingereza ambalo ofisa hulielewa kuwa mtoto wa kumzaa. Nilifuata kanuni, lakini leo siamini tena kwamba tafsiri hiyo ilikuwa sahihi, na mafaili yale yana saini yangu.