Ligi ya mtaa au timu ya safari? Yanayosemwa na yaliyopo katika softiboli ya wasichana Marekani

Kila Aprili, viwanja vya umma vya miji ya Marekani vinapochorwa chokaa upya, wazazi wenye mabinti wa miaka minane hadi kumi na miwili hurudia mjadala uleule: mtoto abaki katika ligi ya softiboli ya mtaa, au apelekwe kwenye timu ya safari? Sisi Waswahili tuliohamia huku huingia katika mjadala huo tukiwa wageni mara mbili, kwa kuwa wengi wetu tulikulia kwenye rede na netiboli, na besiboli, mchezo wa gongo ambao softiboli ni ndugu yake, tuliijua kwa kofia zake tu. Ugeni huo una faida yake, kwa sababu asiyeujua mchezo huuliza maswali ambayo wenyeji wameacha kuyauliza, na majibu anayopata mara nyingi hayafanani na yanayosemwa kwenye viti vya kukunja pembeni mwa uwanja.

Kwa asiyezijua, ligi ya mtaa humpokea kila anayejiandikisha. Ada yake aghalabu haifiki dola 200 kwa msimu, kocha ni mzazi anayejitolea, na mechi huchezwa jioni za katikati ya wiki na Jumamosi, mahali ambapo mtoto anaweza kufika kwa baiskeli. Timu ya safari huchagua wachezaji kwa majaribio, kwa kawaida mwishoni mwa kiangazi, hufanya mazoezi hata wakati wa theluji ndani ya mabohari yaliyotandikwa nyasi bandia, na hushiriki mashindano ya wikendi nzima ambayo huilazimu familia kulala hotelini.

Dhana: Ligi za mtaa zinakufa kwa sababu watoto wa siku hizi hawapendi michezo

Simu imebebeshwa lawama nyingi, na nyingine inastahili, lakini atakayekaa jioni moja kwenye mechi ya wasichana wasiozidi miaka kumi ataona kwamba tatizo linaanzia katikati ya uwanja, kwenye duara la mrushaji. Mpira wa miguu unaweza kuchezwa na watoto ishirini na wawili wasiojua lolote, na bado wakakimbia, wakagongana na kucheka. Softiboli haiwezi, kwani hakuna linaloanza mpaka mtoto mmoja aupeleke mpira juu ya kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji na gongo lake, kati ya magoti na kifua chake. Mipira minne isiyopita hapo humpa mpigaji kituo cha kwanza bure, na vituo vikijaa, kila anayeingia humsukuma mwenzake hadi nyumbani, nayo ni pointi. Katika kundi hilo la umri, mrushaji husimama futi 35 kutoka kwenye kibao, yaani kama mita 10.7, akiwa na mpira wenye mzunguko wa inchi 11, na anatakiwa auzungushe mkono duara kamili na kuuachia mpira usawa wa nyonga. Ujuzi huo haupatikani kwa mazoezi mawili kwa wiki. Hupatikana kwa miezi ya baridi, mzazi akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya gereji, akidaka mipira ambayo mingi humpiga miguuni.

Wasichana wenye uwezo huo ni wachache katika ligi yoyote, nao ndio wa kwanza kuchukuliwa na timu za safari. Wakishaondoka, kinachobaki nimekiona kwa macho yangu. Katika kipindi kimoja nilichokihesabu, wapigaji wanane mfululizo walipewa kituo bure kwa mipira mibaya, pointi tano zikaingia, kipindi kikakatizwa kwa kanuni inayokifunga timu ikifikisha pointi tano, na gongo halikuugusa mpira hata mara moja. Msichana aliyepangwa nje upande wa kulia, yaani mbali nyuma ya uwanja akingoja mpira utakaopigwa, alikuwa ameivua glavu na kuivaa kichwani. Nani angemlaumu?

Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na Taasisi ya Aspen, ambayo huchunguza michezo ya watoto Marekani, ulionyesha kwamba mtoto wa Marekani huacha mchezo anaoucheza akiwa na umri wa wastani wa miaka 11, baada ya kuucheza kwa muda usiofika miaka mitatu, na sababu kubwa ni kwamba mchezo haumfurahishi tena. Mtoto aliyesimama saa nzima bila mpira kumfikia hajaukataa mchezo; mchezo wenyewe hajaupata. Anapoacha, idadi inapungua, ligi ya mtaa huu inaunganishwa na ya mtaa wa pili, safari ya kwenda mechini inakuwa ya dakika arobaini, na ule wepesi uliokuwa hoja kuu ya ligi ya mtaa unatoweka. Zipo ligi zilizoliona hili na kuweka kanuni ndogo: mrushaji akishatupa mipira minne mibaya, kocha wa mpigaji huingia na kumrushia mtoto wake, ili gongo lifanye kazi yake.

Dhana: Msichana asiyeingia timu ya safari mapema atakosa ufadhili wa chuo

Hii ndiyo dhana inayofungua pochi za wazazi, na ni ngumu kuing'oa kwa sababu nusu yake ni kweli. Msimu wa softiboli ya vyuo huanza Februari na kuishia mapema Juni katika fainali za Oklahoma City, hivyo makocha wa vyuo hawana nafasi ya kutazama mechi za sekondari, ambazo katika majimbo mengi huchezwa wakati huohuo wa machipuko. Wanapopata nafasi, kiangazi na mwanzo wa vuli, wachezaji wazuri wako kwenye mashindano ya timu za safari, na huko ndiko makocha huenda. Msichana wa miaka kumi na sita anayetaka kucheza Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, kwa hiyo, karibu hana njia nyingine.

Kosa limo katika neno "mapema". Zamani wasichana wa darasa la nane walikuwa wakiahidiana kwa mdomo na vyuo ambavyo hawajavitembelea, jambo ambalo hata makocha wenyewe walilichoka, na mwaka 2018 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilipiga marufuku mawasiliano ya kumsaka mchezaji wa softiboli kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa kumi na moja wa masomo. Mzazi anayelipia nafasi ya binti wa miaka tisa ili "aonekane" anapanga foleni kwenye dirisha litakalofunguliwa baada ya miaka saba hivi.

Na dirishani kwenyewe kuna nini? Kwa makadirio ya NCAA, katika kila wasichana 100 wanaocheza softiboli sekondari, kama 6 hucheza katika chuo cha daraja lolote la chama hicho, na wanaofika Daraja la Kwanza hawatimii 2. Kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 12 tu, ambao kocha aliumega vipande vipande kwa wachezaji ishirini na zaidi. Tangu msimu wa 2025 hadi 2026, vyuo vilivyojiunga na makubaliano ya mahakama kati ya NCAA na wachezaji vimewekewa ukomo wa wachezaji 25 badala ya ukomo wa ufadhili, lakini kuruhusiwa kutoa si kutoa, na kila chuo hupima mfuko wake. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa.

Taasisi hiyohiyo ya Aspen ilikuta kwamba mwaka 2024 familia ya kawaida ilitumia dola 1,016 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, ongezeko la asilimia 46 tangu 2019. Huo ni wastani wa michezo yote na wa familia za kila aina. Kwa timu ya safari, ongeza gongo la zaidi ya dola 300 ambalo litakuwa dogo kwa mtoto baada ya misimu miwili, mwalimu wa kurusha anayelipwa kwa nusu saa, hoteli ambayo waandaaji wa baadhi ya mashindano huilazimisha timu kuikodi kupitia kwao, na kiingilio cha getini ambacho hata bibi aliyekuja kumtazama mjukuu wake hulipa. Mimi si mhasibu, lakini fedha hizo zikiwekwa benki tangu mtoto ana miaka tisa, zina uhakika zaidi wa kulipa ada ya chuo kuliko mkono wake.

Dhana: Kurusha mpira kwa chini hakuumizi mkono

Dhana hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu inasemwa na makocha wazoefu. Wanasema mwendo wa kuzungusha mkono kwa chini ni wa asili, tofauti na besiboli, kwa hiyo msichana anaweza kurusha kutwa nzima. Watafiti waliopima nguvu zinazoukabili mwili wa mrushaji wa softiboli wamekuta kwamba bega lake hubeba mzigo unaokaribiana na ule wa mrushaji wa besiboli, na maumivu ya mbele ya bega ni jambo la kawaida kwa wasichana hawa. Hata hivyo, Little League, shirika linalosimamia ligi nyingi za mtaa za watoto, iliwawekea wavulana wa besiboli ukomo wa idadi ya mipira kwa siku tangu 2007, lakini warushaji wa softiboli hawakuwekewa hesabu ya mipira ya namna hiyo.

Matokeo yake, katika mashindano ya wikendi, timu yenye mrushaji mmoja mzuri humtumia Jumamosi asubuhi, Jumamosi jioni, na Jumapili mpaka itolewe. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kinashauri mtoto apumzike angalau siku moja au mbili kila wiki na jumla ya miezi mitatu kila mwaka mbali na mchezo wake mmoja, na kwamba kujifunga na mchezo mmoja kuahirishwe hadi miaka 15 au 16. Msimu mfupi wa mtaa unaufuata ushauri huo bila hata kuujua, kwa kuwa mtoto anayemaliza Juni huenda kuogelea Julai na kucheza mpira wa miguu Septemba.

Dhana: Kwenye timu ya safari ndiko kuliko na ufundi

Hili halihitaji maneno mengi. Kuanzisha timu ya safari hakuhitaji cheti cha ualimu. Kunahitaji bima, sare na ada ya mashindano. Timu zimeongezeka mpaka zile za ngazi za chini zinafundishwa na baba yuleyule aliyefundisha ligi ya mtaa mwaka jana, isipokuwa sasa fulana yake ina jina lake mgongoni. Zipo timu bora sana, na mtoto mwenye kiu ya kushindana hufaidika nazo. Lakini mtoto anayekaa benchi katika mji wa mbali hajifunzi zaidi ya yule anayecheza nyumbani, na Little League, iliyoanzisha softiboli ya wasichana mwaka 1974 baada ya vita vya mahakamani kuhusu haki yao ya kucheza, bado ina kanuni ya kumlazimu kocha ampe kila mtoto aliyefika uwanjani muda wa kucheza na zamu ya kupiga.

Dhana: Olimpiki ya 2028 itajaza viwanja yenyewe

Softiboli ilikuwamo katika Olimpiki tangu Atlanta 1996 hadi Beijing 2008, ikaondolewa, ikarudi Tokyo ambako Japani ilitwaa dhahabu, ikakosekana Paris, na itarudi 2028. Michezo ni ya Los Angeles, lakini mechi za softiboli zitachezwa Oklahoma City, karibu kilomita 1,900 kutoka huko. Ligi ya kulipwa ya wanawake, AUSL, ilianza 2025 ikiwa na timu nne, na Ligi Kuu ya Besiboli imewekeza ndani yake. Haya ni mambo makubwa, na bila shaka yatawaleta wasichana wengi kwenye meza za kujiandikisha. Televisheni, hata hivyo, humfikisha mtoto mezani tu. Mwezi mmoja baadaye atakuwa amesimama nje upande wa kulia, akingoja mpira.

Ligi iliyo karibu na kwetu haikungoja Olimpiki. Januari iliyopita iliomba ukumbi wa shule ya msingi kila Alhamisi jioni, ikapanga ndoo ukutani, na kumwita msichana yeyote anayetaka kujifunza kurusha, bure, awe ana timu ya safari au hana. Walikuja kumi na wanne. Wasichana wawili wa sekondari wanaocheza safari walikubali kuwafundisha, na kocha wao, kwa hiari yake, hakuweka mashindano yoyote ya Aprili siku za Alhamisi na Ijumaa. Msimu ulipofunguliwa, watatu kati ya wale kumi na wanne waliweza kuupitisha mpira juu ya kibao mara tatu kabla ya mara nne za makosa, na katika mechi ya pili mpira ulipigwa kwa mara ya kwanza ukaruka hadi nje upande wa kulia. Aliyekuwa huko aliukosa, akaufukuza mpaka kwenye uzio, na alipogeuka kuurusha, glavu ilikuwa mkononi.