Kasi ya Kutembea kwa Mwanamke, Kutoka Ujana Hadi Uzee

Katika kazi yangu ya fiziotherapia, kipimo ninachokithamini sana hakihitaji mashine: ni mita 4 zilizowekewa alama sakafuni, saa ya kuhesabu sekunde, na ombi kwamba mtu atembee kama atembeavyo siku zote. Wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 50 na kitu hutembea kwa wastani wa mita 1.3 au 1.4 kwa sekunde, na kwa muda wote huo mabadiliko huwa madogo. Kushuka huonekana wazi baada ya miaka 60, hata katika miaka ya sabini wastani ukawa kama mita 1.1, na baada ya miaka 80 ukapungua chini ya mita 1. Anayetumia zaidi ya sekunde 5 kuzimaliza mita hizo 4 namchunguza kwa kina, kwani mwendo wa namna hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa misuli na hatari ya kuanguka.

Wengi hudhani kwamba mwanamke mzee huchelewa kwa sababu hatua zake kwa dakika zimepungua, ilhali kinachobadilika zaidi ni urefu wa hatua yenyewe: misuli ya shavu la mguu haiusukumi tena mwili mbele kwa nguvu ya awali, na hofu ya kuanguka huzidi kuifupisha. Kukoma kwa hedhi nako kuna mchango, maana homoni ya kike iitwayo estrojeni inapopungua, mifupa hudhoofika kwa haraka zaidi na misuli nayo huathirika. Ndiyo maana siridhiki kumwagiza mtu atembee tu. Namtaka pia ainuke kitini bila kujishika, na asimame kwa ncha za vidole mara kadhaa, akiwa karibu na ukuta.

Hata hivyo, asiyeweza kwenda haraka asikate tamaa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa umri wa miaka 72, waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700, na nafuu hiyo iliendelea kukua hadi karibu hatua 7,500. Jumla ya hatua ilipozingatiwa, kasi haikuonyesha uhusiano ulio wazi na vifo. Utafiti wa aina hii hauthibitishi chanzo, kwa kuwa mgonjwa naye hutembea kidogo, lakini unanitosha kumwambia mama anayetembea kidogo aanze kwa kuongeza hatua, na kasi tuishughulikie miguu ikishapata nguvu.