Kwa nini mashabiki wa hoki ya barafu humzomea mchezaji mmoja aliyehama, na mwingine humpokea kwa makofi?

Usiku wa tarehe 28 Februari 2019, John Tavares alirudi Nassau Coliseum, uwanja wa New York Islanders, akiwa na jezi ya Toronto Maple Leafs. Alikuwa ameichezea Islanders misimu 9, tena akiwa nahodha wao. Mashabiki walimrushia nyoka wa plastiki. Klabu ilipoonyesha video ya kumshukuru, ilimezwa na kelele za kuzomea. Islanders walishinda 6-1, na jukwaa zima likawa linaimba kwamba hawamhitaji.

Sasa rudi nyuma hadi Juni 2001, jijini Boston. Ray Bourque, aliyeomba mwenyewe kuondoka Boston Bruins mwaka uliotangulia, alikuwa ametwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, na Colorado Avalanche. Siku chache baadaye alilileta kombe hilo Boston, na maelfu ya watu wakafurika mbele ya ukumbi wa jiji kumshangilia. Kombe la timu nyingine! Na wote wawili, Tavares na Bourque, waliondoka kwa hiari yao.

Ili kuelewa tofauti hiyo, lazima kwanza ujue mchezaji wa hoki ya barafu anavyofungwa na klabu yake. Katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, kijana hachagui pa kuanzia. Kila mwaka klabu huchagua vijana kwa zamu, na ukishachaguliwa, kwa miaka kadhaa hakuna klabu nyingine ya ligi hiyo inayoweza kukusajili bila kupitia kwa iliyokuchagua. Tavares alichaguliwa na Islanders, wa kwanza kabisa, mwaka 2009. Kwa kawaida uhuru kamili hupatikana mchezaji akifikisha umri wa miaka 27 au misimu 7 katika ligi, na mkataba wake uwe umekwisha. Kabla ya hapo klabu inaweza kumbadilisha na mchezaji mwingine bila hata kumuuliza, isipokuwa mkataba wake umekataza. Maana yake ni kwamba siku mchezaji anapochagua klabu kwa mara ya kwanza maishani, mara nyingi anachagua kuondoka.

Kuna jambo la pili, na nadhani ndilo linalouma zaidi. Katika soka tuliyoizoea, nyota akiuzwa, klabu hubaki na ada ya uhamisho. Katika hoki, mkataba ukiisha na mchezaji akasaini kwingine, klabu aliyoiacha haipati hata senti. Ndiyo maana viongozi wanaohisi nyota wao ana nia ya kuondoka humbadilisha mapema, miezi michache kabla ya mkataba kuisha, ili wapate angalau vijana wa kujengea timu. Islanders walikuwa na nafasi hiyo Februari 2018. Hawakuitumia, kwa sababu Tavares alikuwa akisema mara kwa mara kwamba anapapenda pale na angependa kubaki. Tarehe 1 Julai alisaini Toronto, miaka 7 kwa dola milioni 77, kisha akaweka mtandaoni picha yake ya utotoni akiwa amelala kwenye mashuka ya Maple Leafs. Sidhani kama kuna picha ya mtoto aliyelala iliyowahi kukasirisha watu wengi kiasi hicho.

Bourque hakumwachia mtu matumaini ya uongo. Alikuwa ameitumikia Boston tangu 1979, akafika fainali mbili, 1988 na 1990, na zote akafungwa na Edmonton Oilers. Alipoomba kuondoka Machi 2000 alikuwa na miaka 39, timu inayumba, na kila shabiki alijua muda wake unakwisha. Klabu ilipata wachezaji badala yake. Hasira iliyokuwepo ilielekezwa kwa wenye klabu, waliolaumiwa kwa ubahili.

Kwa hiyo kuhama kwenyewe si kosa kubwa kihivyo. Mashabiki hupima alichokisema kabla ya kuondoka, alichoacha nyuma, na anakokwenda.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika miji midogo na yenye baridi kali. Chris Pronger alifika Edmonton, Kanada, mwaka 2005, akasaini miaka 5, na msimu wake wa kwanza tu akaifikisha timu hadi mchezo wa saba, yaani wa mwisho kabisa, wa fainali, ambayo mshindi wake ni anayetangulia kushinda michezo minne. Siku chache baada ya kushindwa, aliomba aondolewe kwa sababu za kifamilia. Oilers walilipwa vizuri kwa wachezaji walipompeleka Anaheim, lakini hilo halikusaidia. Alizomewa kila aliporudi. Mtu wa Edmonton hakusikia tu kwamba Pronger anaiacha timu, alisikia kwamba mji wake haukaliki. Na kama kawaida, lawama nyingi zilimwangukia mke wake. Ilikuwa hivyohivyo mwaka 1988 Wayne Gretzky alipopelekwa Los Angeles wiki chache baada ya kumuoa mwigizaji wa Marekani. Tofauti ni kwamba safari ile mwenye klabu, Peter Pocklington, alionekana ndiye muuzaji, na sanamu iliyochomwa moto ilikuwa yake. Gretzky alisimamishiwa sanamu ya shaba nje ya uwanja mwaka uliofuata.

Kuna pia wale wanaofuata kombe. Mwaka 2008 Marian Hossa aliiacha Pittsburgh, iliyokuwa imefungwa na Detroit katika fainali, akaenda hukohuko Detroit akiamini ndiko penye nafasi kubwa zaidi. Mwaka uliofuata timu hizo zikakutana tena fainali, na Pittsburgh wakashinda mchezo wa saba. Hasira dhidi ya Hossa iligeuka kicheko haraka. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekwishaadhibiwa na matokeo.

Klabu zenyewe hazihukumiwi kwa kipimo hiki, na hapa mashabiki wana upendeleo wa wazi. Mwaka 2016 Montréal walimpeleka P.K. Subban Nashville siku mbili tu kabla ya kuanza kutumika kifungu cha mkataba ambacho kingewazuia kumhamisha. Alikuwa ameahidi kuchangisha dola milioni 10 kwa hospitali ya watoto ya jiji hilo. Aliporudi Machi 2017 uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, naye akatokwa na machozi. Wengi walilalamikia uamuzi ule, lakini hakuna aliyeiita klabu msaliti kwa namna anavyoitwa mchezaji.

Johnny Gaudreau aliondoka Calgary mwaka 2022, mkataba wake ukiwa umekwisha, akasaini Columbus, karibu zaidi na kwao New Jersey. Iliripotiwa kwamba Calgary walikuwa tayari kumlipa zaidi. Alizomewa aliporudi Januari 2023. Agosti 2024 yeye na mdogo wake Matthew waligongwa na gari wakiendesha baiskeli, wakafa. Calgary walijaza maua na fimbo za hoki nje ya uwanja uleule. Sioni kwamba walijipinga. Kwa shabiki, kuzomea ni sehemu ya mchezo, na mara nyingi humzomea yule aliyempenda sana. Mchezaji wa kawaida akihama, hakuna anayejisumbua kununua nyoka wa plastiki.

Muda nao hufanya kazi yake, ingawa polepole mno. Jaromír Jágr, aliyetwaa makombe mawili na Pittsburgh, aliondoka 2001, na mwaka 2011 watu walipotarajia arudi alisaini kwa mahasimu wao, Philadelphia. Alizomewa kwa miaka. Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 52, alirejea kushuhudia jezi yake namba 68 ikipandishwa darini kwa heshima, akapasha misuli barafuni pamoja na wachezaji wa Pittsburgh, na uwanja mzima ulikuwa upande wake. Ilichukua zaidi ya miaka 20.